Bunduki ya .458 Iliyokataa Risasi ya Pili: Uchambuzi wa Kisa

Bunduki inayochambuliwa hapa ililetwa mezani kwangu na mrithi wake, ambaye alikuwa na lalamiko moja tu: inapiga risasi ya kwanza bila shida, lakini mara nyingi risasi ya pili haiingii chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Katika bunduki ya kuwindia swala, kasoro hiyo ingekuwa kero ya kuvumilika. Katika bunduki ya kaliba .458 Winchester Magnum, ambayo fundi aliyeiunda alikusudia irushe risasi ya pili haraka kuliko mkono wa mwindaji unavyoweza kuvuta bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) huku nyati akimjia, kasoro hiyo inaondoa sababu yenyewe ya bunduki kuwapo. Mafundi wawili walikwisha kuishughulikia. Wa kwanza alibadilisha springi ya magazini, kasha linalobeba risasi za akiba. Wa pili alisugua njia ya kulishia risasi mpaka ikang'aa kama kioo. Wote wawili walilipwa, na bunduki ikaendelea na tabia yake ileile.

Msingi wake ni Browning BAR ya kuwindia, iliyoingia sokoni mwaka 1967. Jina hilo huwachanganya wengi, kwa sababu John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, alikwisha kuunda silaha ya kijeshi ya mwaka 1918 iliyojulikana kwa herufi hizohizo tatu. Bunduki hizi mbili hazishirikiani chochote cha maana zaidi ya jina na ukoo, kwani hii ya kuwindia ni kazi ya mjukuu wake, Bruce Browning. Ni bunduki ya nusu-otomatiki, yaani inayojijaza risasi yenyewe, na huendeshwa kwa gesi: bolti yake ina meno saba ya kufungia na hujizungusha kabla ya kufunguka, na magazini imeshikizwa kwenye kifuniko chenye bawaba kinachofungukia chini. Kwa kaliba za Magnum, magazini hiyo hubeba risasi 3. Kiwandani iliuzwa kwa kaliba kama 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum na .338 Winchester Magnum. Hii iliyoletwa kwangu ilikuwa na mtutu mwingine kabisa, mnene na usio na jina la aliyeutengeneza, wenye maandishi ".458 WIN. MAG." yaliyopigwa kwa mkono, herufi moja moja, tena hazikunyooka. Mwishoni mwa mtutu kulikuwa na kifaa chenye matundu cha kupunguza teke (msukumo wa bunduki kwenda nyuma), na kitako kilikuwa kimetobolewa ndani na kuongezewa uzito wa madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Mrithi alieleza kwamba marehemu mjomba wake alimwambia bunduki hiyo ilizaliwa ikiwa .338. Niliandika maelezo hayo kama alivyoyatoa, ingawa hakuna kilichoyathibitisha kwenye bunduki yenyewe. Kaliba huandikwa mtutuni, na mtutu wa asili haukuwapo. Uso wa bolti haukusaidia pia, kwa kuwa risasi zote tatu nilizozitaja, pamoja na .458, zina kitako cha ganda chenye kipenyo kimoja cha takriban milimita 13.5 na mkanda (ukingo mnene unaolizunguka ganda) uleule uliorithiwa kutoka .375 Holland & Holland ya mwaka 1912.

Undugu huo ndio unaoeleza kwa nini fundi asiyejulikana alichagua .458 na si kaliba nyingine kubwa. Risasi ya .458 ya mwaka 1956 na ya .338 ya mwaka 1958 zina ganda lenye urefu uleule wa milimita 63.5, na risasi nzima isiyozidi takriban milimita 84.8. Kwa hiyo bolti haiguswi, magazini inatosha kwa urefu, na mwendo wa bolti kwenda nyuma na kurudi unabaki ulivyokuwa. Hata shinikizo la juu linaloruhusiwa chini ya kanuni za C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, ni moja kwa kaliba hizo mbili, megapaskali 430. Mtu anayesoma majedwali peke yake angesema kwamba kazi iliyobaki ni kubadilisha mtutu tu. Kaliba ya .458 Lott, au ile .375 yenyewe, isingewezekana hata kwenye karatasi, kwa kuwa risasi zake hufikia urefu wa milimita 91.4 na haziingii katika magazini hiyo.

Kabla ya kupiga risasi yoyote nilipima umbali kati ya uso wa bolti iliyofungwa na sehemu ya chemba inayozuia mkanda wa ganda. Ulikuwa ndani ya mipaka. Nilitafuta pia mihuri ya majaribio. Katika nchi wanachama wa C.I.P., bunduki iliyobadilishwa mtutu hupaswa kurudishwa kwenye kituo rasmi, ambako hupigwa risasi maalumu zenye shinikizo la angalau asilimia 25 juu ya kiwango cha kawaida, na kwa .458 hiyo ni karibu megapaskali 537. Mwili wa bunduki ulikuwa na mihuri ya Liège, mji wa Ubelgiji ambao kituo chake cha majaribio kimekuwapo tangu mwaka 1672. Mtutu mpya haukuwa na muhuri hata mmoja. Jambo hilo halithibitishi kwamba mtutu ni mbovu, kwani Marekani, kwa mfano, hakuna sheria inayolazimisha majaribio ya serikali, na mtutu mzuri unaweza kutoka huko bila alama. Lakini linamaanisha kwamba mpaka siku ile aliyekuwa amethibitisha nguvu ya mtutu huo ni bega la marehemu peke yake. Majaribio yote ninayoyaeleza yalifanywa bunduki ikiwa imefungwa kwenye fremu, na kifyatulio kikivutwa kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta.

Sasa niingie kwenye kiini cha kisa. Bunduki ya gesi ni injini, na injini hiyo hupata mafuta yake kupitia tundu dogo lililotobolewa chini ya mtutu. Kichwa cha risasi kinapolipita tundu hilo, sehemu ya gesi huingia katika silinda na kusukuma pistoni. Pistoni husukuma mbeba bolti, yaani kipande cha chuma kinachoibeba bolti. Bolti hujizungusha na kufunguka, ganda hutolewa na kutupwa nje, springi hubanwa, na hatimaye springi hiyo hurudisha kila kitu mbele na kuokota risasi mpya njiani. Nguvu yote ya kazi hiyo hukusanywa katika muda mfupi sana, tangu kichwa cha risasi kinapolipita tundu mpaka kinapotoka mdomoni mwa mtutu, muda ambao haufiki elfu moja ya sekunde. Baada ya hapo mlango wa mafuta umefungwa, na kila kinachofuata huenda kwa kasi iliyokwisha kupatikana.

Kiwanda kilichounda bunduki hii kilipima tundu, pistoni na springi kwa ajili ya kaliba yake ya asili. Tukikubali kwa sasa kwamba ilikuwa .338, kichwa chake cha risasi kina kipenyo cha milimita 8.59, na eneo la duara lake ni takriban milimita mraba 58. Kipenyo cha .458 ni milimita 11.63, sawa na milimita mraba 106. Maganda hayo mawili yana nafasi ya baruti inayokaribiana. Kwa hiyo katika kila sentimita ambayo kichwa cha risasi kinasogea, gesi ya .458 hupewa nafasi ya kutanuka iliyo karibu mara mbili, na kufikia mahali lilipo tundu imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya shinikizo lake. Baruti ya .458 nayo huwa ya kuungua haraka zaidi, hivyo huimaliza kazi yake karibu na chemba. Shinikizo la kilele ni lile lile, majedwali yanasema kweli. Lakini pistoni hailioni shinikizo la kilele. Inaona kile kilichobaki njiani.

Wakati injini inapungukiwa upande mmoja, teke linaongezeka upande wa pili. Nilifanya hesabu rahisi kwa bunduki yenye uzito wa kilo 4, bila kuhesabu kifaa cha mdomoni. Kichwa cha .338 chenye gramu 16.2 kikitoka kwa mita 800 kwa sekunde, pamoja na gesi yake, huirudisha bunduki nyuma kwa nishati ya takriban jouli 42. Kichwa cha .458 chenye gramu 32.4 kikitoka kwa mita 635 kwa sekunde huirudisha kwa takriban jouli 85. Ni kweli kwamba bunduki ya gesi hutandaza teke katika muda mrefu zaidi, na mpigaji huliona kuwa laini kuliko la bunduki ya bolti (inayojazwa kwa mkono) yenye uzito uleule, lakini skrubu, mbao za kitako na risasi zilizomo magazini hupokea msukumo huo wote bila huruma.

Nilipoifungua bunduki nilikuta ushahidi wa jinsi fundi alivyopambana na tatizo hilo. Tundu la gesi lilikuwa limetobolewa mara mbili: chini ya kioo cha kukuzia kulionekana kingo za duara dogo na za duara kubwa zaidi ambazo vitovu vyake havikulingana. Alitoboa, akajaribu, haikufanya kazi, akapanua. Wakati huohuo, sehemu ya nyuma ambako mbeba bolti husimama ilikuwa imepondeka, na katika maganda ya zamani aliyokuja nayo mrithi, mengine yalikuwa na ukingo uliokwaruzwa kwa nguvu na ndoano ya kutolea. Hizo ni dalili za bolti inayokwenda nyuma kwa kasi kupita kiasi. Hapo palikuwa na mkanganyiko: bunduki inayoshindwa kujaza risasi ya pili kwa kawaida hudhaniwa kuwa dhaifu, na hii ilikuwa na majeraha ya bunduki yenye nguvu mno.

Mkanganyiko huo uliondoka tulipotenganisha risasi kwa aina. Mrithi alikuwa na boksi tatu za zamani sana alizozirithi pamoja na bunduki, na boksi moja jipya alilonunua mwenyewe, ambalo hakuwa amelitumia kwa kulionea uchoyo. Risasi mpya, zikipigwa mbili mbili, ziliifanya bunduki ijaze kila mara, kwa kishindo kikali na maganda yakitupwa mbali. Risasi za zamani zilitoa mwendo usiotabirika. Mojawapo ilisikika wazi kuwa hafifu kuliko iliyoitangulia, na hapo ndipo bolti ilipokwenda nusu ya safari, ikalibana ganda mlangoni. Tulipong'oa vichwa vya risasi kadhaa za zamani, baruti haikumwagika. Ilikuwa imeshikamana kama sukari iliyoingia unyevu, na tulilazimika kuikwangua.

Yeyote aliyefuatilia historia ya .458 atalitambua jambo hili. Kaliba hiyo iliahidi kurusha kichwa cha gramu 33 kwa kasi ya karibu mita 650 kwa sekunde kutoka katika ganda fupi, na ili kutimiza ahadi hiyo, baruti ya chembe za duara ilishindiliwa ndani mpaka ikabanwa na kichwa cha risasi chenyewe. Kwa miaka kadhaa malalamiko yalifuata: baruti ikigandamana, mwendo ukishuka, risasi zisizopenya ilivyotarajiwa. Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, baadaye alibuni ganda refu zaidi lenye jina lake ili baruti ipate nafasi ya kukaa bila kushindiliwa. Viwanda vilirekebisha risasi za .458 kwa baruti bora, na za siku hizi hazistahili sifa mbaya ya mama zao. Lakini boksi za mjomba zilikuwa za kizazi kile cha kwanza au kinachokikaribia.

Katika bunduki ya bolti, risasi iliyopungua nguvu humpa mwindaji mwendo mdogo, lakini mkono wake bado utaivuta bolti na kuingiza nyingine. Katika bunduki ya gesi, upungufu wa baruti huenda moja kwa moja kwenye bolti. Maoni yangu, kwa kuziangalia zile duara mbili, ni kwamba fundi alirekebisha tundu kwa kutumia risasi zilizokuwa zinayumba, akawa anafukuza shabaha inayosogea. Alipopata risasi dhaifu alipanua tundu, na alipopata yenye nguvu aliona bunduki inafanya kazi, akaridhika. Upana wa tundu huamua kiasi cha gesi kinachopita. Hauwezi kuisawazisha baruti isiyolingana. Na bunduki hii haina kirekebishi cha gesi ambacho mpigaji anaweza kukigeuza kwa mkono kulingana na risasi aliyonayo.

Sitaki kuiondolea magazini lawama zote. Ganda la .458 halina bega, yaani halibanwi ghafla kuwa shingo nyembamba. Linakwenda likipungua taratibu mpaka mdomoni, na mbele yake hukaa kichwa butu. Risasi yenye bega huingia chembani ncha nyembamba ikitangulia ndani ya shimo lililo pana kuliko yenyewe, hivyo husamehe kosa dogo la mwelekeo, ilhali hii inataka kunyooka tangu mwanzo. Midomo ya magazini, iliyokunjwa kwa ajili ya risasi zenye shingo nyembamba, huiinua mbele zaidi ya inavyotakiwa. Tena risasi moja ina uzito wa karibu gramu 52, na bunduki inaporuka nyuma, risasi zilizomo magazini hubaki nyuma ya mwendo huo na kugonga ukuta wa mbele kwa ncha zake. Vichwa viwili vya risasi laini vilikuwa vimebapa. Hata hivyo, risasi mpya zilipita katika magazini hiyohiyo, na mafundi wawili waliotangulia hawakukosea kuiona kasoro ndogo. Walikosea kusimama hapo.

Watu wengi huuliza kwa nini viwanda havikuwahi kutoa bunduki ya namna hii ili kazi isiachiwe fundi wa karakana. Winchester ilijaribu mapema kuliko wengi: modeli ya mwaka 1910, iliyobuniwa na Thomas Crossley Johnson kwa kaliba .401, haikuwa na gesi wala meno ya kufungia, bali ilitegemea uzito mkubwa wa chuma uliofichwa ndani ya mbao za mbele kuichelewesha bolti. Ilitosha kwa dubu na paa mkubwa, lakini njia hiyo ina kikomo, kwa kuwa kila nguvu inayoongezwa hudai chuma zaidi. Katika bunduki za kisasa za gesi, Benelli ilifika .338 Winchester Magnum na Merkel ikasimama kwenye 9.3x62, kaliba ya Otto Bock ya mwaka 1905 ambayo inawatosha wawindaji wa nguruwe pori wa Ulaya. Juu ya hapo wanunuzi ni wachache, na sheria ni nyingi.

Sheria hizo zilihusu kisa hiki moja kwa moja, kwa sababu mrithi alikuwa na nia ya kusafiri nayo. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, unakataza kuwinda wanyama wanaolindwa kwa silaha ya nusu-otomatiki yenye magazini inayobeba zaidi ya risasi 2, na magazini yake ilibeba 3. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za aina hii mwaka 1988, ikiacha zile ndogo za .22 tu, na Australia ilizibana vikali mwaka 1996. Namibia, ambako nyati na tembo wapo, hairuhusu bunduki za nusu-otomatiki katika uwindaji. Ilinibidi nimweleze kwamba bunduki yake iliundwa kwa ajili ya wanyama ambao kwa sehemu kubwa hataruhusiwa kuwaendea nayo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata mjomba wake hakuwahi kuwaendea.

Mapendekezo yangu yalikuwa machache. Risasi za zamani zikabidhiwe kwa wanaohusika na uharibifu wake, pasipo kujaribu kuziokoa. Tundu lisiguswe tena na mtu yeyote mwenye keekee. Badala yake njia ya gesi ipunguzwe na fundi aliyebobea, kwa kuipima kwa risasi mpya za aina moja, na aina hiyo iandikwe ndani ya sanduku la bunduki. Sehemu iliyopondeka ibadilishwe. Kisha bunduki nzima ipelekwe kwenye kituo rasmi cha majaribio kabla bega la mtu halijawekwa nyuma yake, na ikishindwa huko, ibaki kuwa kitu cha kabatini. Kuhusu thamani yake nilikataa kutaja kiasi, kwa kuwa bunduki ya pekee isiyo na jina la fundi, isiyo na barua wala muhuri, ni vigumu kuitofautisha na bunduki nzuri iliyoharibiwa.

Wiki kadhaa baadaye mrithi alirudi na kitu kirefu kilichofungwa katika kitambaa chenye mafuta, alichokikuta juu ya dari ya ghala la marehemu. Kilikuwa mtutu wa asili, wenye mihuri ya Liège, na kaliba iliyoandikwa juu yake ilikuwa 7mm Remington Magnum. Hadithi ya .338 haikuwa ya kweli. Nilirudia hesabu: kichwa cha 7mm kina kipenyo cha milimita 7.21, sawa na takriban milimita mraba 41, kwa hiyo tofauti ambayo fundi alipaswa kuivuka haikuwa mara mbili bali zaidi ya mara mbili na nusu. Zile duara mbili za tundu la gesi zikawa rahisi zaidi kueleweka. Nilimshauri ausafishe mtutu huo, auhifadhi pamoja na bunduki, na asikubali kuviuza kimoja bila kingine.